Huyo unayemwita jini ndiye aliyekupigia simu

*Shangazi, mwanangu yuko mwaka wa pili chuo Dodoma. Tangu ampate binti mmoja amebadilika. Ana sapu tatu (mitihani ya kurudia), hapokei simu zetu, na boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, sijui linaishia wapi maana siku hizi ananitumia nusu tu kwa ajili ya ada ya mdogo wake. Likizo alilala mchana kutwa. Roho yake nzuri lakini, kampa mdogo wake kompyuta na raba zake. Baba yake alimwambia akidisko, yaani akifukuzwa chuo kwa kufeli, asirudi nyumbani. Juzi huyo binti kanipigia eti niende nikamwone mwanangu, nikamfukuza. Nimwachanisheje na jini huyu? Mama Mwanachuo, Iringa.*

Pole, mama. Pole yenyewe inaishia hapo.

Boom hulijui linaishia wapi, na nusu yake unaipokea wewe! Kijana anasoma, analisha, anasomesha, halafu akikwama anaambiwa nyumbani hapana. Ulitaka aende wapi? Kaenda kwa binti.

Na hiyo kompyuta. Umeiandika kama sifa. Mwenye sapu tatu akigawa kompyuta, atasomea nini? Mtu anayegawa vitu avipendavyo, akapoteza usingizi wa usiku na kuwakimbia watu wake, huenda anaaga. Sisemi nina hakika, ila binti ameshtuka na wewe unatafuta mganga wa kuwaachanisha.

Najua mtasema watoto wa siku hizi wamedekezwa, sisi tulisoma kwa kibatari. Kibatari hakikuwa na mkopo wa kurudisha wala kundi la WhatsApp la ukoo linalouliza matokeo. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hao wote walidekezwa?

Kesho panda basi la kwanza. Ukifika usianze na sapu. Kaa naye, mle, kisha muulize wazi: "Mwanangu, unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa mlango wa kusema. Akisema ndiyo, usilie wala usihubiri. Usimwache peke yake, ondoa chumbani dawa na chochote cha kumdhuru, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapo hapo Dodoma, na utani wetu wa kuifanya tusi umewachelewesha wengi. Kisha mwone mlezi wa wanafunzi, uliza habari ya kuahirisha mwaka. Kuahirisha si kudisko. Mumeo naye ampigie leo kijana, aifute ile kauli kwa mdomo wake mwenyewe.

Namba ya binti bado imo kwenye simu yako. Mpigie sasa hivi, kabla ya tiketi, umwombe asimwache usiku huu. Radhi utamtaka mkionana.