Wapi pa kwenda pikiniki Dodoma na watoto na mama mkwe

Dada umeuliza Jumapili uwapeleke wapi watoto watatu na mama mkwe, mkale nje bila kutoka mbali na mjini. Mi nakwambia nenda Chinangali Park, watoto wapate pa kukimbia na mama apate pa kukaa. Nyerere Square pazuri kupumzika na kupiga picha, ila pako katikati ya mji, kutandika mkeka na mahotipoti pale hamtakuwa na raha. Lion Rock kwa mama mkwe hapana kwa kweli, ule ni mlima wa vijana wenye magoti yao.

Sasa sikiliza kuhusu kivuli maana hapa wengi hawaangalii. Mkifika saa sita na mna mpango wa kukaa mpaka jioni, msitandike upande wa magharibi wa mti, jua likianza kushuka mtaungua na kuhamahama na masufuria, kaeni upande wa mashariki kivuli kitawafuata chenyewe. Kama ni mgunga pitisha mkono chini kwanza, ile miiba mirefu myeupe inatoboa ndala, sembuse mguu wa mtoto. Na kiangazi hiki upepo wetu unaujua, mkeka uwekee mawe kila kona, pilau lisifunuliwe mpaka sahani ziwe mkononi la sivyo mtakula vumbi.

Hombolo bwawani pazuri pia ila ni mbali, na watoto wadogo majini utashinda umesimama. Maji ya kunywa beba mengi mno jamani.