Kabla hujauliza bei ya mita, uliza chini kuna nini: visima vya Mtwara na Lindi

Watu wakishajua unafanya kazi kwenye rigi ya visima maswali ni yaleyale, mita moja shilingi ngapi, na jirani kapata maji mita ngapi. Sio maswali mabaya ila hayakufikishi mbali, manake huku kusini unaweza kutoka Mtwara mjini asubuhi, ukapita Newala, jioni ukalala Masasi, na hapo umeshapita juu ya matabaka ya aina kama tatu na kila moja lina tabia yake. Kuna tabaka linatunza maji, kuna tabaka linatoa maji, na mara nyingi sio lilelile. Hela za watu zinapotelea hapo.

Tuanze na mfinyanzi kwasababu ndio unaowadanganya wengi. Mfinyanzi unabeba maji mengi kuliko mchanga, kabisa, karibu nusu ya ujazo wake inaweza kuwa maji, ila vitundu vyake ni vidogo mno kwahiyo maji yanang'ang'ania mulemule. Mchanga safi unabeba pungufu lakini unaachia: kwenye lita 100 za mchanga uliojaa maji unaweza kupata lita 20 na ushee zinazotiririka zenyewe, kwenye mfinyanzi ushukuru ukipata tatu nne.

Sasa ukanda wa Lindi kupanda hadi Kilwa una mfinyanzi wa zamani wa baharini, wa kijivu, mnene balaa, kuna sehemu unaenda chini mamia ya mita na bado ni huohuo. Miaka ya 2000 mwanzoni wanasayansi walikuja kuchimba hukohuko Lindi na Kilwa, sio wakitafuta maji, walikuwa wanatafuta magamba ya vijidudu vidogo vya baharini vya mamilioni ya miaka, na waliyapata yamekaa safi yanang'aa kama kioo. Sababu kubwa ni kwamba mfinyanzi ule haupitishi maji ya kuyaharibu. Yaani kilichowafurahisha wao ndio kilio chetu sisi.

Kuna saiti moja nje kidogo ya Lindi, mafundi walikuwa wameshapita mita 60 kwenye kijivu, wanamwambia mwenye shamba waongeze tu maji yako karibu. Udongo unaotoka tulikuwa tunaumwaga kwenye turubai, rundo moja kwa kila mita, kwahiyo ukisimama pembeni unaona kabisa kisima kizima kimelala pale: mchanga wa njano marundo machache, halafu kijivu, kijivu, kijivu. Mzee akaokota bonge akaliminya, kiganja kikalowa. "Mwanangu, haya si maji haya?" Nikamwambia mzee, hata donge la chapati lina maji ndani, lakini likamue uone kama utapata kikombe. Akacheka, akasimamisha kazi, hela iliyobaki akachimba kisima kifupi bondeni kwenye mchanga wa mto.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utasahau mengine yote bakia na huu: lazimisha udongo umwagwe kwa kila mita, upige picha, na uandike mwenyewe kwenye daftari. Kampuni ikikataa, tafuta nyingine.

Newala, Tandahimba na kule juu kote kwenye uwanda wa Makonde hadithi ni nyingine kabisa. Kule shida sio mfinyanzi, ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote. Ndio maana juu hukuti mito, mvua inazama moja kwa moja inakwenda chini sana mpaka ikutane na tabaka gumu la kuizuia, halafu inatokeza pembezoni mwa uwanda kwenye mabonde kama chemchemi. Bibi zetu walikuwa wanashuka korongoni na kupanda na ndoo kichwani, sio kwamba hawakujua kuchimba. Na hata mradi mkubwa wa maji wa Makonde unachota chini huko Mitema, bonde la Kitangari, ndio unasukuma kupandisha juu. Sasa wewe na kiwanja chako cha juu, na hela ya kisima kimoja, mimi nakwambia weka gata na simtanki kwanza. Bati la mita za mraba 80, ikinyesha milimita 900 kwa msimu, linapokea lita 72,000, toa zinazomwagika bado unabaki na mzigo wa maana.

Masasi na Nachingwea ni miamba migumu ya kale, ile inayochomoza kama milima ya Masasi. Jiwe lenyewe halina maji. Maji yako kwenye sehemu iliyooza juu ya jiwe na kwenye nyufa, basi. Huku sevei, yaani kupima ardhi kwa vifaa kabla ya kuchimba, ni lazima, visima viwili vilivyoachana mita 30 kimoja kinajaza tanki na kingine ni vumbi tupu. Na ukishaingia jiwe zima halina ufa, usikubali tu kuongezewa mita, kadri unavyoshuka nyufa zinazidi kubana. Miguuni mwa vilima mara nyingi pana afadhali kwasababu mvua inateleza juu ya jiwe tupu na kuzama palepale chini.

Mashine nazo uliza. Nyundo ya hewa ni ya jiwe, ukiileta kwenye mchanga shimo linabomoka, mchanga unatakiwa uchimbwe kwa tope la bentonaiti, udongo laini unaoshikilia kuta za shimo. Na bomba lenye matundu likae mbele ya tabaka la mchanga, sio popote. Nimeona kisima wameweka matundu yote chini kabisa kwenye mfinyanzi, mchanga mzuri uliotoa maji wakauziba na bomba lisilo na matundu, afu wanasema eneo halina maji. Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini nacho usikiruke, ofisi yao iko Mtwara.

Mikindani, Msangamkuu na pwani yote yenye mawe ya matumbawe, huko maji yapo, tena karibu, matumbawe yana matobo makubwa yanapitisha vizuri mno. Tatizo yanapitisha na ya bahari. Maji baridi yanaelea juu ya maji chumvi kwasababu ni mepesi kidogo, na hesabu ya kukadiria ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Ukiyavuta yakashuka mita 1, chumvi nayo taratibu inapanda kukufuata kwa uwiano huohuo. Kwahiyo huku usichimbe kirefu, na usinunue pampu kubwa, nunua ndogo ivute pole pole masaa mengi. Chumvi pima mwezi wa 10 au wa 11 kabla mvua haijaanza, muuzaji wa kiwanja akikuonjesha maji ya mwezi wa 4 mwambie utarudi.