Jibu: Peoni kwa harusi ya mwisho wa kiangazi

Hongera sana, dada. Umeuliza kama utapata maua ya peoni kwa harusi ya mwishoni mwa kiangazi. Kwa kweli msimu wake utakuwa umeshapita, na zikiletwa kutoka mbali zitakutoboa mfuko. Lakini usihuzunike, wakati huo dahlia ndiyo zimepamba moto! Zipo za krimu, za pichi, za damu ya mzee, nyingine kubwa kama sahani, na kwenye shada la bibi harusi hutaikumbuka peoni hata kidogo. Ila ujue kwamba dahlia ikikatwa ingali tumba haifunguki tena. Chagua zilizokwisha kuchanua, kisha geuza ua utazame mgongoni: petali za nyuma zikiwa zimelegea au zimeanza kuwa kahawia, liache. Zichukue siku moja au mbili kabla ya harusi, si zaidi.

Zinia nazo nazipenda mno. Shika bua kama sentimita 20 chini ya ua, ulitikise taratibu. Likisimama kidete, limekomaa. Kichwa kikiyumbayumba, litanyauka mapema hata ulitie maji namna gani.

Alizeti, omba zile zisizotoa chavua, maana unga ule hutia doa gauni jeupe. Hidranjia ningeziweka mezani tu, ndani ya maji. Shadani, penye joto, hunywea upesi na zitakuharibia picha.

Rangi za harusi umeshaamua? Zitaje hapa tukusaidie kupanga.