Mwanangu ana konzo: je, itapanda hadi ubongoni?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Newala. Mwanangu wa miaka saba aliamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa, na mpaka leo anatembelea vidole kwa msaada wa fimbo. Hospitali wamesema ni konzo, inatokana na muhogo. Jirani ananiambia itapanda kichwani na kumla ubongo polepole, kama wazee wanaopoteza kumbukumbu. Ni kweli? Na unga wa makopa uliobaki ndani niutupe?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Konzo haipandi. Magonjwa kama Alzheimer na Parkinson huua chembe za ubongo kidogo kidogo kwa miaka mingi. Konzo hupiga ghafla, kisha hutulia hapo ilipofika. Zinazoumia ni neva zinazoshusha amri ya kutembea kutoka ubongoni kwenda uti wa mgongo, ndiyo maana miguu hukakamaa badala ya kulegea kama ya polio. Ukiukunja wayo wake kwenda juu kwa ghafla, huenda ukauona unapigapiga wenyewe mkononi mwako. Madhara hayo ni ya kudumu, ila mazoezi ya viungo husaidia. Akiendelea kula muhogo wenye sumu, inaweza kumpiga tena, na safari hiyo vibaya zaidi.

Ng'ambo ya Ruvuma, mkoani Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu mwaka 1981. Wapo waliodhani ni polio, wengine wakahofia silaha ya kemikali. Daktari Hans Rosling kutoka Sweden, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, na wenzake akina Julie Cliff waliufuatilia ugonjwa hadi kwenye muhogo. Ukame ulikuwa umezidisha sumu ya sianidi kwenye muhogo mchungu, njaa ikawafanya watu wafupishe siku za kuuandaa, na kitoweo hakikuwepo. Kitoweo ni muhimu kwa sababu mwili huivunja sianidi kwa kutumia salfa inayopatikana kwenye protini. Tarime waliipata mwaka 1985, na mkoa wetu wa Mtwara umeipata pia.

Sasa mama, naomba unisikilize hapa. Mtafiti Mkongo wa magonjwa ya neva, Désiré Tshala-Katumbay wa Chuo Kikuu cha Oregon cha Afya na Sayansi huko Marekani, akiwa na Michael Boivin, aliwapima watoto wa Kahemba, Kongo. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Wenye konzo walikuwa nyuma katika kujifunza na kukumbuka. Kilichonigusa zaidi ni wale waliotembea vizuri kabisa lakini wakiishi eneo moja na wagonjwa: nao walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na konzo. Kwa hiyo wasiwasi wangu haupo kwa huyu mwenye fimbo peke yake. Ndugu zake wanaokimbia uwanjani nao ni wa kulindwa, tena kuanzia leo.

Unga usiutupe. Utie kwenye bakuli, usawazishe, uweke alama ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Unga wenyewe bado una kimeng'enya kinachoivunja sumu kikipata maji, nayo hutoka kama gesi, kwa hiyo tandaza nje, si chumbani. Kisha songa ugali wako siku hiyo hiyo. Ukiutia unga mkavu moja kwa moja kwenye maji ya moto, kimeng'enya hufa kabla ya kazi kuisha. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na vijiji vya Popokabaka, Kongo, vilivyoifuata havikupata mgonjwa mpya katika kipindi cha majaribio.

Naipenda kwa ajili ya Newala hasa, maana maji huko ni ya shida na kuroweka muhogo siku tatu nne si kila nyumba inaweza. Hii inahitaji kiasi kidogo tu. Mboga iwe kunde au mbaazi, na ukipata dagaa au yai, waanze watoto.