Damu iliyoganda shingoni: je, daktari anatuficha?

SWALI: Assalaam alaikum, Daktari. Ami yangu ana miaka 58 na ni fundi wa mashua hapa Matondoni. Mwezi uliopita alivimba shingo upande wa kushoto, na ukimgusa chini ya taya unakuta kitu kigumu kama kamba. Tulidhani ni msuli, akachuliwa kwa mafuta siku tatu. Hospitalini, picha ya ultrasaundi ilionyesha damu imeganda katika mshipa mkubwa wa shingo. Daktari alimpa dawa, kisha akamuuliza kama amepungua uzito na akataka apimwe saratani. Je, ameona jambo asilotuambia?
Binti wa Matondoni, Lamu

JIBU: Wa alaikum salaam, binti yangu. Kwanza, asichuliwe tena hata mara moja, kwa sababu bonge la damu likimeguka hupita moyoni na kwenda kuziba mishipa ya mapafu.

Sidhani kwamba mnafichwa. Damu huganda zaidi miguuni. Ikiganda shingoni, mara nyingi pana sababu ya karibu, kama mpira wa dawa uliopitishwa katika mshipa huo au maambukizi makali ya koo. Zikikosekana hizo, daktari mwangalifu hujiuliza kama pana uvimbe wa kifuani au wa tezi unaoukandamiza mshipa, au saratani ya mbali zaidi, kwa mfano ya kongosho, inayoifanya damu iwe nyepesi kuganda. Uhusiano huo ulielezwa na daktari Mfaransa, Armand Trousseau, katika miaka ya 1860, naye mwenyewe akafariki kwa saratani ya tumbo mwaka 1867, baada ya kuutambua ugonjwa wake kwa damu iliyomganda mwilini.

Hata hivyo, kutafuta si kupata. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wagonjwa 854 walioganda damu bila sababu kujulikana, wengi wao miguuni na mapafuni, na takriban 4 tu katika kila 100 waligunduliwa saratani ndani ya mwaka mmoja. Kwa ami yako ningeanza na kupapaswa tezi, vipimo vya damu, na picha ya shingo na kifua.

Dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda asiruke hata siku moja, wala asichanganye na aspirini. Kazini ajihadhari na tezo, maana jeraha dogo litatoka damu kwa muda mrefu. Akibanwa na pumzi, akiumwa na kifua au akikohoa damu, msingoje kupambazuke. Tafuteni boti usiku huohuo.