Mume wangu ametumia akiba ya nyumba kununua taa ya Gallé

Bi. M. mpendwa,

Pole sana kwa yaliyokufika. Unaeleza kwamba wewe na mumeo, wenyeji wa Tanga mnaoishi Nancy nchini Ufaransa, mlikuwa mkiweka akiba ya kumalizia nyumba yenu, na kwamba umegundua fedha hizo amenunulia taa ya mezani ya kale yenye jina la Gallé, fundi wa kioo wa zamani, bila risiti wala kukushirikisha. Unauliza kama uiuze kimyakimya atakaposafiri.

Usiiuze. Sisemi hivi kumtetea mumeo, kwani akiba ile ilikuwa yenu wawili na hakuwa na haki ya kuigusa bila ridhaa yako. Lakini ukiiuza kwa siri, utakuwa umetenda lilelile unalomlaumia, na tena utauza kitu usichokijua thamani yake kwa bei atakayoipanga mnunuzi.

Ninaelewa kilichomvutia, hasa kwa mtu anayeishi katika mji huo. Émile Gallé alizaliwa Nancy mwaka 1846, na yeye pamoja na ndugu wawili wa familia ya Daum ndio walioupa mji huo sifa ya kazi za kioo. Kioo cha taa hizo hupangwa matabaka ya rangi mbalimbali, kisha sehemu za ua au jani hukingwa na tabaka la juu lisilokingwa huliwa na asidi, hata picha ikabaki imeinuka juu ya rangi iliyo chini yake. Taa ikiwashwa, mwanga hupenya penye wembamba na kuzuiwa penye unene, na ua lililoonekana zito mchana huonekana jingine kabisa usiku. Mapenzi ya kitu kama hicho si upuuzi, na ningependa mumeo asikusikie ukiyadharau, kwa sababu hapo ataacha kusikiliza lile la msingi, nalo ni fedha.

Hata hivyo, jina pekee halithibitishi kitu. Gallé alifariki mwaka 1904, na kiwanda chake kiliendelea kutoa vyombo vyenye jina lake hadi miaka ya 1930. Hivyo taa inaweza kuwa halali bila yeye kuiona. Zipo pia nakala za kisasa zilizotengenezwa Romania, zikiandikwa neno TIP kando ya jina hilo kuonyesha kuwa ni za mtindo wake tu, na wauzaji wasio waaminifu hulisugua neno hilo likafutika. Pitisha kidole taratibu karibu na jina: ukikuta mahali palipolainishwa kuliko kioo kinachopazunguka, una sababu ya kuuliza. Tazama vilevile kama kofia na kitako vinalingana kwa rangi na mchoro, maana sehemu za taa mbili tofauti huunganishwa na kuuzwa kama taa moja, na thamani hushuka sana. Neno la mwisho mwachieni mtaalamu wa mnada, nanyi mwende kwake wote wawili.

Kuhusu risiti, sheria iko upande wenu. Amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 3 Machi 1981 inampa mnunuzi wa kazi ya sanaa haki ya kudai ankara inayotaja asili na umri wa kitu alichouziwa. Mumeo na aidai haki hiyo mapema, kwa barua, akiwa bado anamkumbuka vizuri muuzaji.

Zungumza naye mkiwa peke yenu, bila watoto kusikia, na umwambie waziwazi kwamba kilichokuumiza ni kufichwa. Kisha dai mambo mawili: akiba ya nyumba iwe katika akaunti isiyotolewa fedha bila saini zenu zote mbili, na taa azinunue kwa fedha yake ya mfukoni, kila moja ikiwa na ankara yake. Mkiamua kuiuza hii, iuzeni pamoja mnadani, na mkumbuke kuuliza mapema ada ya mnada ni kiasi gani. Akikataa hata kuketi, waombeni wazee wa pande zote mbili wawasikilize, hata kwa simu.

Kwa sasa chomoeni waya wake ukutani. Taa za umri huo huwa na nyaya kuukuu zilizofunikwa kwa kitambaa, na fundi wa umeme azikague kabla hamjaiwasha tena.