Maswali Yenu ya Ujenzi: Bafu la Masta Lililochakaa

SWALI: Waungwana, hamjambo? Nyumba yetu ipo Chumbageni, Tanga, ilijengwa miaka ya 1980. Bafu la chumba cha masta ni mita 2.4 kwa 1.8. Lina hodhi la kuogea ambalo hatulitumii tena, na ukuta unaopakana na chumba cha kulala unabanduka rangi na kutoa unga mweupe. Fundi anataka kubandika vigae vipya juu ya vile vya zamani. Tumkubalie?
Mama wa Chumbageni

JIBU: Hatujambo, mama. Msimkubalie. Unga huo ni chumvi. Maji yanapenya nyuma ya vigae, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali na plasta, yanatokea upande wa chumbani, yakikauka yanaiacha hapo. Pale mchanga wa ufukweni ulipotumika kujengea, hali huwa mbaya zaidi. Vigae vipya vitaficha ugonjwa tu, na ukuta utaendelea kuliwa.

Tafuteni kwanza maji yanatoka wapi. Usiku fungeni koki inayojaza tanki la juu na ile ya tanki la kuflashi, mtie alama usawa wa maji tankini, asubuhi mtazame. Yakiwa yamepungua na hakuna aliyeyatumia, bomba la ndani ya ukuta linavuja. Yakiwa palepale, basi shaka iwe kwenye bomba la maji machafu au viungo vya vigae. Lakini mkikuta bomba za chuma za enzi hizo, ziondoeni zote hata kama moja tu ndiyo inayovuja, kwa kuwa kutu ya ndani haibagui. Wekeni PPR, yaani bomba za plastiki ngumu zinazounganishwa kwa moto, milimita 25 kwa njia kuu na 20 kwa matawi, na kwa maji moto iwe ya daraja la presha PN20. Msimamieni fundi anapochomelea: akizidisha moto au akisukuma bomba kupita alama, plastiki hujikunja kwa ndani na kubana njia ya maji. Bomba zijaribiwe kwa presha kabla ya kufunikwa na plasta.

Plasta yenye chumvi itolewe hadi tofali, na mpite sentimita 50 zaidi ya pale unyevu unapoishia. Chumvi ipigwe brashi kavu, ukuta uachwe ukauke. Ndiyo maana hatushauri kuanza wakati wa masika. Plasta mpya iwe ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga wa mtoni.

Choo kibaki kilipo. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo kukisogeza mita 2 ni kuchimba sentimita 5 zaidi ndani ya zege. Na kabla ya kununua choo kipya, pimeni kutoka ukutani hadi katikati ya tundu, mkitoa sentimita 2 za kigae na gundi. Wengi hununua kwanza, kisha choo kinagoma kukaa. Hodhi likitoka, bomba lake la inchi 1.5 nalo litoke, liwekwe la inchi 2, maana shawa haina ukingo mrefu wa kuzuia maji yanapochelewa kushuka.

Sasa sakafu, na hapa ndipo pesa ya bafu ilipo. Vigae havizuii maji. Grauti, ile saruji ya kujazia viungo, hupitisha maji, na kinachoyazuia ni dawa inayopakwa chini ya vigae. Sakafu ya saruji iteremke sentimita 2 kila mita kuelekea tundu, ipimwe kwa pimamaji. Pembe zote na mdomo wa tundu vibandikwe utepe wa wavu, maana ufa huanzia hapo. Dawa ipakwe tabaka mbili, la pili likikatiza la kwanza. Ipande sentimita 20 kwenye kuta zote, na mita 2 sehemu ya shawa. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye ndoo, zibeni tundu, jengeni kizuizi mlangoni, jazeni maji sentimita 3, mtie alama, msubiri saa 24. Fundi asiyetaka jaribio hili asiguse kigae.

Kwa vipimo vyenu, mkipandisha vigae hadi mita 2.1, kuta zitakula kama mita za mraba 16 baada ya kutoa mlango. Ongezeni asilimia 10 za kukatika: vigae 98 vya sentimita 30 kwa 60. Sakafu ni mita za mraba 4.3, vigae 53 vya 30 kwa 30, visivyong'aa ili visiteleze. Chini ya shawa vikatwe vidogo, maana kigae kikubwa hakifuati mteremko. Gundi mifuko 5 ya kilo 20. Pembe za ukuta na sakafu zijazwe silikoni, si grauti.

Bomba za kunawia zinyanyueni mkononi dukani. Ya shaba ni nzito. Ile nyepesi haidumu kwenye hewa yetu ya bahari, kromu yake huvimba na kubanduka.

SWALI: Tumefunga shawa ya umeme ya wati 5,500 na kichwa kipana. Maji yanadondoka tu, na sakiti breka inakata kila mara. Tatizo nini?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Ni mawili, kaka. Kila mita ya kimo cha tanki juu ya shawa hutoa presha ya baa 0.1 tu, na kichwa kipana kwa kawaida huhitaji kama baa 1. Rudisheni kichwa chembamba au wekeni pampu ndogo. Kuhusu umeme, wati 5,500 kwa volti 230 ni ampea 24. Breka ya ampea 20 inakata kwa haki. Msiibadilishe kwa kubwa mkiacha waya uleule, utaungua ndani ya ukuta. Shawa hiyo ipewe laini yake: waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, ethi (waya wa ardhini), na swichi ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja. Kazi hiyo mpeni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji.

SWALI: Bafu la wageni halitumiki, lakini linanuka karo. Tulimwagie dawa gani?
Msomaji, Mabawa

JIBU: Hakuna dawa. Maji yaliyokaa kwenye kona ya bomba chini ya tundu ndiyo huzuia harufu, na kwenye joto hukauka. Mwageni lita 2 za maji kila wiki. Ikiendelea kunuka, mwiteni fundi atazame kama kona hiyo iliwekwa kweli.